Pumzi ya Kija

Mwezi wa sita, pamba ya kijiji cha Sola huwa imepasuka shamba zima, na kila mwenye mikono miwili huonekana shambani. Nkinda na mkewe Limbu waliamka mapema, wakanywa uji, wakabeba magunia yao na kwenda kuchuma. Mwaka huo walikuwa wawili tu. Binti yao wa mwisho, Kija, alikuwa ameondoka wiki chache zilizopita. Alimaliza kidato cha sita, jina lake likatoka miongoni mwa vijana waliotakiwa kwenda kwenye mafunzo ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kambi aliyopangiwa ilikuwa mbali, upande wa Kigoma.

Kija ndiye aliyekuwa mwenye maneno shambani. Alikuwa akichuma huku anawaigiza walimu wake mmoja mmoja, na mama yake anacheka mpaka anaweka gunia chini. Nkinda mwenyewe si mtu wa kuongea. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Sasa mistari ya pamba ilikuwa kimya. Mara nyingine aligeuka kumwambia Kija asichanganye pamba chafu na safi, akakuta nyuma yake hakuna mtu.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Limbu aliendelea kupika ugali wa watu watatu. Kila jioni sehemu ya tatu ilibaki kwenye sufuria, na hakuna aliyeitaja.

Lakini Nkinda alikuwa na jambo zaidi ya upweke. Kija alikuwa na pumu. Ilimwanza akiwa bado mdogo. Kifua kilikuwa kinambana, na pumzi inatoka ikipiga mluzi. Limbu ana usingizi mzito, kwa hiyo tangu zamani Nkinda ndiye aliyekuwa akiamka. Alimkalisha mtoto wima, akamwegemeza kifuani pake, akampa dawa ya kuvuta waliyopewa hospitalini, akangoja mpaka mluzi utulie. Miaka ikapita. Nkinda akazoea kulala sikio moja likiwa macho, akimsikiliza binti yake nyuma ya ukuta. Sasa nyuma ya ukuta hakukuwa na mluzi wala pumzi, na yeye hakuweza kulala.

Tena kulikuwa na ahadi. Siku moja kabla ya safari, baba na binti walikuwa wakirudisha ng'ombe kutoka malishoni. Kija akasimama.

"Baba, huko wakiniuliza kama naumwa, nitasema mimi ni mzima."

Nkinda akamwuliza kwa nini. Kija akasema anataka sana kuwa askari. Amesikia kwamba wenye magonjwa hurudishwa siku ile ile, na yeye hataki kurudi Sola watu wakimcheka. Dawa yake atakwenda nayo, lakini ataificha ndani ya soksi.

"Na wewe usimwambie mtu, baba. Hata mama usimwambie. Niahidi."

Nkinda hakuwahi kumnyima Kija kitu alichokuwa na uwezo nacho. Akatazama ng'ombe, akatazama njia. Kisha akasema, "Haya, ng'wanawane, mwanangu. Sitasema."

Katika kambi hiyo vijana hawakuruhusiwa kukaa na simu. Siku za mapumziko walipiga nyumbani kwa zamu, maneno machache tu. Kija alipiga mara moja. Alisema yuko salama, wanakula vizuri, wanakimbia mchakamchaka kila alfajiri. Halafu akakohoa. Akacheka, akasema ni vumbi. Nkinda alikishika kile kikohozi moyoni kuliko maneno yote.

Jioni moja jirani yao Salvatory alikuja kuazima mkokoteni wa ng'ombe ili apeleke pamba yake kwenye mzani. Salvatory alikuwa mwalimu wa vijana huko JKT kwa miaka mingi, sasa amestaafu na analima. Kijijini wote humwita Afande.

"Mwadila, mayu," alimsalimia Limbu kwa Kisukuma. "Mhola?"

"Mhola duhu, Afande."

Akauliza habari za Kija. Limbu akasema hana habari zaidi ya ile simu moja. Mtoto akishaingia kambini ni wa serikali, mzazi kazi yake ni kungoja.

Salvatory akakaa kwenye kigoda. Akasema hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Kambi inamlea kijana, ndiyo, lakini haimjui. Anayemjua ni mzazi. Mzazi ndiye anayejua mtoto anaogopa nini, anaumwa nini, dawa gani inamkubali na ipi inamdhuru. Akaeleza kwamba mzazi anatakiwa kuhakikisha kambi ina namba ya simu inayopatikana. Mtoto akipiga, mzazi amsikilize kwanza, amtie moyo, asimwambie atoroke eti kwa sababu amechoka. Mambo ya nyumbani yanayoweza kungoja, kama ng'ombe kuumwa au ugomvi wa mpaka, yangoje. Na siku ya kufunga mafunzo, mwenye uwezo aende.

"Lakini la kwanza kabisa ni afya," alisema. "Huyu mtoto wenu si ana pumu? Daktari wa kambi anajua?"

"Kija alisema atamweleza mwenyewe," Limbu akajibu. "Na dawa amebeba."

Nkinda aliinuka, akaenda kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Salvatory akamfuata. Huko nyuma ya zizi, Nkinda akamweleza ahadi yote. Aliieleza polepole, akiwa ameinama kwenye nira kama mtu anayetafuta kamba.

Salvatory hakumlaumu. Alimweleza jinsi alfajiri ya kambini ilivyo. Kuna baridi. Vijana wanakimbia kwa makundi, na vumbi lao linapanda. Hayo yote yanaweza kuamsha pumu. Kijana akibaki nyuma, mkufunzi atadhani ni mvivu, atamhimiza aongeze mwendo.

"Nimehimiza wengi mimi mwenyewe," alisema. "Afande hawezi kukihurumia kifua asichokijua."

"Na wakimrudisha?"

"Inawezekana. Sitakudanganya, baba. Wengi niliowaona walibaki, wakapangiwa mazoezi yanayowafaa. Lakini kuahidi siwezi. Ninachojua ni kwamba akirudishwa, atarudi kwa miguu yake."

Usiku huo Nkinda alimwambia mkewe yote, na kwamba Salvatory amemwelekeza Maswa mjini kutafuta namba ya kambi. Limbu hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kesho unakwenda Maswa, au niende mimi?"

Asubuhi Nkinda akaenda Maswa mjini, kwenye ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya, kama Salvatory alivyomwelekeza. Akajieleza. Wakampa namba ya kambi. Aliporudi alipanda jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtandao unashika vizuri, akapiga. Akaomba kuongea na daktari.

Daktari alikuwa mwanamke, sauti yake ya taratibu. Akauliza pumu ilianza lini, huja nyakati gani, nini kinaiamsha, dawa gani anatumia, na kama amewahi kulazwa. Nkinda alijibu kila swali. Alisema ni vumbi, na moshi, na baridi ya asubuhi. Alisema akianza kubanwa huwa anakuna kidevu, hasemi kitu, na huwezi kujua kama humjui. Limbu, aliyekuwa amesimama chini ya jiwe, alishangaa. Alikuwa hajawahi kumsikia mume wake akiongea maneno mengi hivyo kwa mara moja.

"Asante sana, baba," daktari akasema. "Hili tulitakiwa kulijua siku ya kwanza. Ninamwita sasa hivi."

Jioni daktari alipiga mwenyewe. Kija alikuwa amebanwa usiku kadhaa mfululizo. Dawa aliyoificha ilikuwa imekwisha, na aliwaambia wenzake kwamba ana mafua. Sasa amelazwa kwenye zahanati ya kambi, amepewa dawa, anapumua vizuri. Akipona ataendelea na mafunzo, isipokuwa mbio ndefu. Wakufunzi wake wataelezwa.

Limbu alilia kwa furaha. Nkinda alibaki juu ya jiwe mpaka giza likaingia.

Siku ya mapumziko simu ikaita. Alikuwa Kija.

"Baba, ulisema hutasema."

"Nilisema."

"Sasa kila mtu anajua. Wenzangu wakikimbia, mimi nasimama pembeni kama mgonjwa. Nilikuamini wewe peke yako."

"Mwanangu, nimeivunja ahadi. Ingekuwa leo ndiyo unaniomba, nisingekuahidi. Nilikuwa silali, Kija. Nilikuwa sikusikii."

Simu ikakatika. Hakujua kama muda wake wa kuongea ulikuwa umekwisha, au kama ni Kija aliyeikata.

Baada ya hapo Kija akipiga, aliomba kuongea na mama. Alimsalimia, akamwuliza habari za shamba, akaaga. Baba hakuulizwa. Siku za mapumziko Nkinda aliacha kwenda mnadani. Alichaji simu kwa Salvatory, kwenye umeme wake wa jua, akapanda jiweni na kukaa. Kutoka pale aliona njia yote ya kwenda barabarani, ile aliyomsindikiza Kija akiwa amembebea begi. Alimkumbuka akiwa mdogo, akiwa mkubwa, akicheka, akinuna. Hata kununa kwake alikutamani. Angalau mtu anayenuna mbele yako unamwona.

Salvatory alimwambia asikate tamaa. Hasira ya mtoto si sababu ya mzazi kujitoa. Kwa hiyo Nkinda akawa anapiga kwa afande wa kike aliyewasimamia wasichana. Hakumsumbua. Aliuliza tu kama Kija anatumia dawa yake, kisha akasema, "Mwambie baba yake anamsalimia." Afande akaahidi kufikisha. Majibu hayakuja.

Pamba ikauzwa. Mabua yakang'olewa. Siku ya kufunga mafunzo ikakaribia, na Nkinda akasema watakwenda wote wawili. Limbu akamwuliza kama ana hakika. Akasema kama Kija hataki kuongea naye, si kitu, atamtazama tu.

Wakafunga michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, wakapanda basi, wakabadilisha gari Kahama, wakalala njiani. Walifika kambini wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Wazazi walikuwa wengi, wameketi kwenye maturubai kando ya uwanja.

Vijana wakaingia kwa gwaride. Wote walivaa sawa, wamenyoa sawa, wanatupa mikono sawa. Nkinda aliwatazama mstari kwa mstari na hakumwona. Limbu ndiye aliyemgusa bega. "Yule pale, wa pembeni." Nkinda akatazama tena. Alikuwa Kija, mweusi kuliko alivyoondoka, mabega yamepanuka, kidevu juu. Hakuwa akikuna kidevu chake. Alipita mbele yao bila kugeuza macho, kama alivyofundishwa.

Vijana waliporuhusiwa, Kija alikuja akimkimbilia mama yake. Kisha akamgeukia baba. Wakasimama wakitazamana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kija akainamisha kichwa. "Salamu zako nilizipata. Zote."

Nkinda akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza kwa nini hakumjibu.

"Baba, usiku ule kabla daktari hajaniita, nilidhani sitafika asubuhi," Kija akasema. "Nilitaka kumwamsha mtu nimwambie. Nikaona aibu. Nikatamani wewe uwepo uwaambie, halafu nikakumbuka ni mimi niliyekuzuia." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilipotoka zahanati nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa napumua."

Nkinda alimvuta, akamwegemeza kifuani pake mbele ya watu wote. Limbu akafungua michembe.

Walipokuwa wakila, Kija aliwaonyesha msichana mmoja aliyekuwa amekaa na shangazi yake. Anaitwa Winnie, walilala chumba kimoja. Winnie ana kifafa na alikuwa amekificha kama yeye. Baada ya Kija kuitwa na kutofukuzwa, Winnie alikwenda kwa daktari mwenyewe, kwa miguu yake, bila kuambiwa na mtu. Naye amemaliza mafunzo.

Mwaka uliofuata, kabla vijana wa Sola hawajaondoka, Salvatory aliwaita wazazi wao kwenye ofisi ya kata. Alimwomba Nkinda aseme neno. Nkinda alisimama, akashika kofia yake, akasema kwa kifupi kwamba mtoto akikuomba umfichie ugonjwa wake, umkatalie pale pale, hata akilia. Akaketi. Wazazi wawili walibaki nyuma wakitaka kumwuliza faragha.

Kija hakuwa askari. Daktari wa kambi alimweleza ukweli kwamba kwa kifua chake itakuwa vigumu, na yeye akaukubali baada ya kuulilia kidogo. Alikwenda chuo Dodoma kusomea ualimu. Nyumba ikawa kimya tena, na Nkinda akamkosa vilevile kama mwanzo. Lakini jioni ya siku aliyofika, Kija alipiga simu.

"Baba, nimeshamwambia matroni kuhusu pumu. Nimempa na namba yako."

"Umefanya vizuri," Nkinda akasema. "Umekula nini?"

Kija akaanza kumweleza. Alieleza chakula, akaeleza chumba, akaanza kumwigiza matroni. Nkinda alikaa juu ya jiwe, simu sikioni, akisikiliza.