Bando Lililomwondoa Rahel

Eliana aliuza mafuta ya alizeti nyumbani kwake, Singida mjini. Mumewe, Laurenti, alifanya kazi ya reli Itigi. Nyumbani Eliana aliishi na wifi yake, Rahel, binti wa Sepuka aliyekuwa anasomea ushonaji katika chuo cha hapo mjini.

Laurenti alinunua ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti ya waifai nyumba nzima. Eliana akakiweka dirishani, karibu na benchi la wateja. Sasa alipokea oda kwa simu, na aliongea na mumewe kwa video, wakionana uso kwa uso.

Lakini bando la mwezi lilianza kuisha mapema. Eliana akamtazama Rahel, aliyependa kuangalia kwenye simu mafunzo ya kukata magauni.

"Wifi, bando unalimaliza wewe."

"Hapana, wifi. Naangalia kidogo tu, kisha nazima."

"Basi ni nani? Tuko wawili humu ndani! Unakula, unalala, na bado unaniibia."

Rahel aliingia chumbani kwake. Asubuhi alifunga nguo zake, akapanda basi la Sepuka. Mtihani wake wa ushonaji ulikuwa umekaribia.

Bando jipya likanunuliwa. Eliana alikuwa peke yake, lakini likaisha mapema vilevile. Akashtuka. Akamwita Bijal, fundi wa kompyuta mwenye duka mtaani kwao.

Bijal alifungua mipangilio ya ruta kwenye simu ya Eliana.

"Mama, humu ndani kuna simu ngapi?"

"Hii yangu tu."

"Mbona hapa naona nyingi? Unatumia nywila gani?"

"Ile iliyoandikwa kwenye kisanduku."

Bijal akaigeuza ruta. Maandishi ya nywila yalikuwa yameelekea benchi.

"Aliyekaa pale ameisoma, akamwambia mwenzake. Si bando tu, mama. Mtu akifanya uovu kupitia mtandao wako, wa kwanza kuulizwa ni wewe."

"Sasa nifanyeje?"

Bijal alielekeza, Eliana akabonyeza mwenyewe. Walibadili nywila ya waifai, wakaweka ndefu, isiyo na jina la mtu wala namba ya simu.

"Badili na nywila ya kuingilia humu kwenye mipangilio," Bijal alisema. "Ya kiwandani wengi wanaijua. Ukiiacha, mtu ataingia abadili kila kitu."

Wakawasha ulinzi unaoitwa WPA2, wakaweka programu mpya ya ruta. Kisha wakakihamishia kisanduku chumbani. Zile simu ngeni zote zikatoweka.

Eliana alikaa chini. "Kumbe nilimsingizia mtoto wa watu."

Kesho yake alikwenda Sepuka. Alimwamkia mama mkwe wake shikamoo, kisha akamwendea Rahel aliyekuwa anachambua mboga.

"Wifi, nilikukosea. Waliomaliza bando ni watu wa nje. Nisamehe, turudi nyumbani."

"Nimekusamehe. Lakini mtihani umeshapita. Chuoni wameniambia nisubiri mwakani."

Eliana akaketi kando yake.

"Ungeniuliza vizuri, wifi," Rahel alisema taratibu. "Tungetafuta chanzo pamoja."

Eliana alirudi Singida peke yake. Mwezi uliofuata bando lilifika mwisho wa mwezi, likabaki. Laurenti alifurahi sana. Eliana alijaribu kufurahi naye. Lakini mara nyingi, akishaepua ugali, alijikuta akiita, "Wifi, njoo tule," kisha akairudisha sahani ya pili mahali pake.