Viatu vya Yu-chen

Kila jioni gari la taka lilipita mtaani likipiga muziki wake, na kila jioni Pei-ling alishika mifuko yake akashuka ngazi. Gari hilo halimsubiri mtu. Ukichelewa, unalala na taka zako.

Jioni hiyo alikuta mlango umezibwa. Binti yake Yu-chen, mtoto wa darasa la pili, alikuwa amesimama hapo na viatu miguuni. Mbele yake alikuwa amepanga viatu vya nyumba nzima: vya baba, vya mama, na kandambili za bibi yake, ambaye walimwita Ama.

"Vaeni wote," alisema. "Twende wote."

"Naenda kutupa taka, Yu-chen. Siendi Taipei."

Mtoto hakusogea. Muziki ulipita chini ya dirisha, ukafifia, ukaisha. Pei-ling alibaki na mfuko wa matumbo ya samaki, ukivuja juu ya sakafu aliyoipiga deki mchana.

"Mkaidi wewe," alisema.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu tetemeko la ardhi lililowakuta alfajiri, Yu-chen alikuwa akivaa viatu ndani ya nyumba, jambo ambalo mama yeyote wa Hualien, mji wao huko Taiwan, asingelivumilia. Alilala navyo. Shuka zilijaa mchanga. Pei-ling alimbembeleza, akamkemea, mwisho akavificha. Vilipofichwa, mtoto hakulala kabisa, na shuleni akasinzia juu ya daftari, ikabidi arudishiwe.

Chih-wei, mumewe, alikuwa na dawa moja tu: msilitaje jambo hilo, atasahau. Ama naye alimpeleka mjukuu hekaluni. Huko mama mmoja alizungusha udi juu ya shati la mtoto, ili roho iliyoshtuka irudi mwilini. Siku hiyo Yu-chen alilala vizuri, lakini na viatu vyake.

"Roho imerudi, mama," Pei-ling alimwambia mkwewe. "Tatizo imerudi na viatu."

Ama alicheka mpaka akashika ubavu. Pei-ling hakucheka. Alikuwa amechoka.

Mwalimu wa darasa aliwaelekeza kwa Mwalimu Fang, mshauri wa watoto na familia. Fang alitaka waje wote. Chih-wei alinuna njia nzima. Anayelala na viatu ni mtoto, alilalamika. Yeye akatibiwe nini?

Fang alimsikiliza bila kukasirika. Alieleza kwamba mtoto aliyepata mshtuko hutazama nyuso za watu wake ili ajue kama hatari imekwisha. Akiona wamenyamaza, hudhani bado ipo, au kwamba kosa ni lake.

"Siwezi kumtibu peke yake," alisema. "Nyumba nzima ilitikisika."

Kuhusu hekalu, alisema Ama alifanya vyema. Alimwonyesha mtoto kwamba hofu yake si upuuzi.

Kisha akatandika mkeka mkubwa, akachora juu yake mlango na ngazi kwa chaki. Aliomba kila mtu aweke viatu vyake pale alipokuwa alfajiri ile. Asiyetaka asiweke. Chih-wei aliweka vyake chini kabisa. Alikuwa ametangulia kufungua lango. Pei-ling na Ama waliweka vyao ngazini. Yu-chen aliweka kiatu kimoja tu, ndani ya nyumba. Halafu akazivuta kandambili za Ama, akazirudisha ndani, kando ya kiatu chake.

Pei-ling akaelewa. Alfajiri ile sakafu ilijaa vioo vilivyovunjika. Alikuwa amemshika Ama, akampigia mtoto kelele bila kugeuka: vaa viatu kwanza. Alidhani mtoto yuko nyuma yao. Kumbe alibaki gizani akitafuta kiatu cha pili. Ama akarudi kumchukua, kabati likamwangukia, likamvunja mkono.

"Kiatu changu kilimvunja Ama," mtoto alisema, macho chini.

"Mkono huu?" Ama alimfinya sikio. "Bado unafinya."

Pei-ling alitaka kusema kitu. Akaishia kukipangusa vumbi kile kiatu.

Fang aliwapa kazi za nyumbani. Wasimlazimishe mtoto kusimulia, ila akisimulia wasimkatize. Viatu vikae kando ya kitanda, mkono uvifikie. Anayetoka aseme anakwenda wapi na atarudi lini, kisha arudi kweli. Chih-wei alirudi nyumbani akalifunga kabati ukutani kwa misumari. Alifanya kazi hiyo kimya, lakini alimpa Yu-chen ashike tochi.

Waliendelea kwenda kwa Fang. Kuna siku viatu vilishuka hadi chini ya kitanda, na kuna siku vilirudi miguuni, na Pei-ling akauma meno.

Jioni moja muziki ulisikika. Yu-chen alikuwa mlangoni, mfuko mdogo mkononi, akitafuta kiatu cha pili. Pei-ling alifungua kinywa kusema avae upesi. Yalikuwa maneno yaleyale ya alfajiri ile. Aliweka mifuko chini, akaketi kizingitini.

"Alfajiri ile nilikupigia kelele kwa sababu niliogopa vioo," alisema. "Nilipaswa kugeuka nikutazame, sikugeuka. Kabati liliangushwa na tetemeko. Si wewe, wala si kiatu."

Gari likapita. Hakuna aliyelikimbilia.

Yu-chen alikivua kile kiatu kimoja alichokuwa amevaa, akakiweka na vingine mlangoni.

"Mama, mimi sikuwa mkaidi," alisema. "Nilikuwa nalinda mlango, mtu asiachwe."