Pilipili ya Kukaribisha Wageni

Zarina akikaanga pilipili, king'ora cha moshi hulia. Majirani zake huko Malvern, ughaibuni, wamekwisha kuzoea. Hakuna anayetoka nje tena. Shafina wa mlango wa pili huja na bakuli lake.

Siku moja Zarina alikuwa anaijaza pilipili hiyo katika chupa kubwa. Binti yake, Sabreen, alipepea king'ora kwa taulo. Sabreen alikuwa chuo kikuu, mwaka wa pili. Jumamosi chama chao cha wanafunzi wa Afrika Mashariki kilikuwa kipokee wanachama wapya, na chupa ilikuwa ya huko.

"Mwaka jana chupa ilirudi tupu," Zarina alisema kwa fahari. "Watoto hawa wanajua kula!"

Sabreen akaacha kupepea.

"Mama, hawakuila na chakula. Kila mgeni hupiga magoti, akameza kijiko kizima. Sisi wenyeji tunacheka na kumrekodi. Ni utani tu."

"Astaghfirullah! Pilipili yangu?" Zarina akaweka mwiko chini. Uso ulimshuka. "Na wewe ulimeza?"

"Nilimeza. Safari hii yumo Mikail, aliyetoka Dar juzi. Ana pumu. Nimemwambia asimeze. Anasema atameza, kwa sababu hapa hana rafiki."

Shafina alikuwa amefika mlangoni na bakuli lake. Yeye anafanya kazi katika ofisi ya wanafunzi pale pale chuoni. Mambo ya vyama anayajua vizuri. Akavuta kiti.

"Sabreen, huo si utani. Ni uonevu, na chuo kinaukataza."

"Lakini Anti, hatumlazimishi mtu. Wanakubali wenyewe."

"Na asiyekubali?"

"Anazomewa. Halafu haalikwi tena."

"Basi amelazimishwa. Mtu mwenye hamu ya kupata wenzake hasemi hapana kwa urahisi. Leo ni kijiko kimoja. Mwakani mtataka kuwashinda wa mwaka huu. Na mwenye pumu, pumzi ikimbana, anaweza kufa mbele yenu."

Sabreen akainamisha kichwa. "Mimi nilikwenda kulia chooni," alisema. "Kisha nikatoka nikicheka."

Zarina alimshika bega. Hakujua habari hiyo mwaka mzima, na ilimuuma.

"Sasa nifanye nini, Anti?"

"Sema na viongozi wenzako kabla wageni hawajaingia. Wakikataa, ofisi yetu itaisimamisha shughuli. Na popote ukiona mtu anashindwa kupumua, piga simu ya dharura, 911, papo hapo. Usiogope kukaripiwa. Jumamosi nitakuwepo, ila anza wewe."

Kuanza ndiko kugumu. Ni rahisi kusema na mama jikoni, si mbele ya rafiki zako. Ndiyo maana namvulia kofia msichana huyu.

Jumamosi Sabreen alifika mapema. Alibeba kachori, chupa ya pilipili, birika la maji na beseni. Muntazir, mwenyekiti wa chama, aliichukua chupa akitabasamu.

"Haya, vijiko viko wapi?"

"Hakuna vijiko. Pilipili ni ya kachori. Anayetaka atachovya mwenyewe."

"Ah, Sabreen! Sisi sote tulimeza. Ni mila yetu."

"Mila ya nani? Kwenu mgeni akija hupigishwa magoti? Kwetu hunawishwa mikono. Mimi mwaka ule nililia chooni. Wewe ulipomeza, ilikuwaje?"

Muntazir akatazama viatu vyake.

"Nilitapika ndani ya gari la baba," akasema.

Viongozi wengine wakacheka, kisha wakaanza kusimulia ya kwao. Kila mmoja alikuwa na lake.

"Nipe birika," Muntazir akasema.

Shafina, aliyesimama pembeni, akamsogezea beseni.

Wageni wakaingia. Mwenyekiti akawanawisha mikono mmoja mmoja, wenzake wakawapa kachori. Mikail alikuja wa mwisho. Alitoa mkono mmoja tu. Wa pili aliufumba kifuani.

"Toa yote miwili, ndugu yangu," Muntazir alimwambia kwa upole.

Mikail akafumbua kiganja. Ndani mlikuwa na dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo.

"Nilijua nitaihitaji," alisema. "Ningemeza tu. Nisingekataa."

Muntazir akamkodolea macho, akasahau birika. Maji yakamwagika sakafuni. Sabreen akampokea Mikail dawa, akamshikia mpaka akamaliza kunawa.

Mwaka umepita, na sasa wamefika wageni wengine. Anayeshika birika ni Mikail. Na chupa ya Zarina bado inarudi tupu.