Gari Lililosahau Telekomandi Yake

Mambo yote yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba 2025. Asubuhi hiyo ilianza kama asubuhi zote za hapa kwetu Cimpunda, mjini Bukavu. Binti yangu Ornella, mwenye miaka kumi na miwili, alichukua bidoni ya njano ya kuchotea maji, akapita mbele ya robine ya avenue yetu, yaani bomba la mtaa, bila hata kuitazama, akateremka mpaka mtoni. Robine hiyo imekauka tangu mama yake alipokuwa hai. Wakubwa walikuja na makoti yao, wakakata utepe, wakapigwa picha. Maji yakatoka kidogo, kisha basi. Waliokata utepe hawakurudi. Sisi tunakunywa maji ya mto. Mwenye makala ya kuwashia jiko anayachemsha, asiye na makala anayanywa hivyo hivyo.

Mimi ni Zagabe, dereva. Shule sikuikalia sana, lakini gari nalijua. Mke wangu Micheline alikata roho mgongoni mwa watu, wakimpandisha kilimani kumpeleka hospitali, kwa sababu gari halikuwepo na barabara tuliyoahidiwa haikufika. Baadaye nilipata gari la zamani, la usukani wa kulia. Linalala huko juu, kando ya barabara, maana katika vichochoro vyetu hata pikipiki inapita kwa shida. Nikasema: mgonjwa wa avenue yetu hatabebwa tena mgongoni. Jirani yangu Willy anajua kuendesha. Nikiwa safarini, yeye ndiye atakayelichukua.

Shida ilikuwa moja. Mwizi alivunja tundu la ufunguo mlangoni. Ufunguo uliwasha injini vizuri, lakini mlango ulifunguka kwa telekomandi tu, ile ndogo ya kubonyeza. Funguo nilikuwa nazo mbili, telekomandi moja. Kwa hiyo Jumamosi iliyotangulia nilikwenda na Ornella soko la Kadutu, nikanunua telekomandi ya pili kwa Évariste, muuza vipuri.

“Hii, gari yako haiijue bado,” Évariste alituambia. “Lazima uifundishe. Lakini hiyo kazi munafanya nyumbani, haina haja ya fundi.”

“Mwambie mutoto,” nikasema. “Kichwa yangu haishike tena mambo ya kubonyeza-bonyeza.”

Évariste akamgeukia Ornella. “Sikiliza, mama. Kwanza utafunga na kufungua mulango vile nimekuonyesha. Kisha zungusha ufunguo, washa kontakti, zima, mara moja tu. Gari itajibu na milango: klak! Klak moja, ni kusema iko tayari kuongeza telekomandi mupya, na ile ya zamani inabakia. Ukiwasha na kuzima mara mbili, itajibu klak mbili. Hapo inafuta ya zamani, inashika mupya peke yake. Umesikia?”

“Nimesikia, tonton. Klak moja.”

“Mutoto wa akili. Si kama papa yake.”

Tulicheka, tukapanda mpaka pale gari linapolala. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka.

Ornella aliketi kwenye kiti cha dereva, mimi nikasimama nje. Alifunga mlango, akafungua, kama alivyoonyeshwa. Alikuwa ameshika ufunguo, anawasha kontakti, ndipo umeme uliporudi. Nyinyi mnaoishi Bukavu mnajua kelele hiyo. Tulikuwa gizani siku nyingi, na kilima chote kikalipuka kwa sauti moja: “Courant! Courant imerudi!” Watoto wanapiga masahani, akina mama wanakimbia na telefone mkononi, kila mtu anatafuta mahali pa kuchomeka kabla haujaondoka tena. Hata mimi nilipiga kelele: “Ornella, fanya haraka, telefone ipate moto!” Wale wanaotuuzia umeme kwa matone, siku moja watajibu mbele ya Mungu.

Katika kelele zile mkono wa Ornella ulizungusha ufunguo mara ya pili. Milango ikajibu: klak, klak.

Alisikia. Mimi sikusikia. Akabonyeza telekomandi mpya, gari likaishika.

“Imeshika?” nikauliza.

“Imeshika, papa.”

“Na ile ya zamani?”

Alitazama chini kidogo. “Iko bien, iko muzuri.”

Nilijaribu ile mpya, mlango ukafunguka, nikaridhika. Ile ya zamani nilimpa Willy bila kuijaribu, pamoja na ufunguo wa pili. Kwa nini Ornella hakusema? Alinieleza baadaye. Katika nyumba yetu kitu kikivunjika mimi huuliza “Ni nani?” kwa sauti kubwa, na mwenye kosa hujikunyata. Alijipa moyo kwamba labda Évariste alikosea, labda klak mbili si kitu. Jumapili alitaka kuniambia wakati wa kurudi kanisani. Lakini Jumapili ilipita, na neno lililokuwa jepesi Jumamosi likawa zito.

Jumatatu niliondoka kwenda Nyangezi, kwenye kilio cha shemeji yangu. Gari nililiacha kwa ajili ya jirani, na pia kwa sababu ya vizuizi vya njiani, maana kila mwenye kamba ya kufunga njia anataka umlipe. Telekomandi mpya ilikuwa mfukoni mwangu, nami nilikuwa nimekaa matangani.

Sasa Jumanne. Ornella alirudi na maji, akampitia rafiki yake Chancelle, mtoto wa jirani, ili waende shule. Wanakaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Alimkuta Chancelle amelala chini, macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya bibi kizee. Alikuwa ameharisha na kutapika usiku wote.

“Ni kolera,” alisema mama yake, Séraphine. “Makala iliisha juzi. Alikunywa maji ya bidoni.”

Baba yake, Gracien, alimbeba mgongoni mpaka juu barabarani. Willy alitangulia mbio. Alibonyeza telekomandi. Kimya. Akabonyeza tena, akaisogeza karibu na kioo. Gari lilikaa kama jiwe.

“Pile imekufa!” Willy akasema, akitoa betri ndogo ya ndani. “Mutu akimbie kwa duka ya Maman Colombe, alete pile mupya.”

Walinipigia simu. Network haikuwepo. Pikipiki mbili zilipita, na wenye kuziendesha walipoona matapishi waliongeza mwendo. Pile ikaletwa, ikawekwa. Kimya. Willy akapuliza ndani, akabonyeza, akatukana. Pile nyingine ikatafutwa.

“Vunja kioo!” mtu mmoja alisema.

“Gari si yangu,” Willy akajibu. “Zagabe atanila muzima. Ngojeni, hii itashika.”

Chancelle alikuwa amelazwa juu ya kanga, kwenye vumbi la barabara. Alimtazama Ornella, midomo imekauka, akasema polepole, “Mwambie Madame wa darasa sitakuja leo.”

Hapo ndipo Ornella alishindwa kunyamaza.

“Tonton Willy, acha kutafuta pile! Haitafunguka. Jumamosi nilikosea, gari ilifuta ile telekomandi. Nilijua. Sikumwambia papa. Ni mimi.”

Watu wote walimgeukia. Séraphine alishika kichwa. “Na ulikuwa unatuangalia tu?”

Gracien aliokota jiwe, akavunja kioo cha mlango, akaingiza mkono akafungua. Willy akatia ufunguo, injini ikawaka mara moja. Mkono wake ulikuwa unatoka damu, naye hakuona.

Hospitalini walimtundikia Chancelle chupa za serumu mikono yote miwili. Aliishi. Lakini daktari alimwambia Gracien, “Amekaa muda murefu sana bila maji mwilini, figo zimeumia. Kama mungelifika mapema...” Hakumaliza. Mpaka leo Chancelle hajarudi shuleni. Anakaa mlangoni kwao, uso umevimba, anapelekwa hospitali kila wiki, na hatujui mpaka lini.

Niliporudi nilikuta plastiki mahali pa kioo. Sikupata nafasi ya kuuliza. Ornella alikuja mwenyewe, akasimama mbele yangu.

“Papa, ni mimi.” Akanieleza yote, hata klak mbili.

Nilikaa chini. Nilikuwa na hasira, lakini mtoto aliyekuja mwenyewe utampigia nini? Nilimwambia:

“Kukosea, kila mutu anakosea. Mkono uliteleza, hiyo ilikuwa kosa ndogo. Ungesema siku ile, tungerudilia na telekomandi zote mbili, kazi ya dakika kidogo. Lakini ulinyamaza, na kimya yako ikatembea mpaka kwa Chancelle. Kosa ukilisema mapema, ni lako peke yako. Ukilificha, linakuwa la watu wengine, na wao ndio wanalilipa. Umesikia?”

“Nimesikia, papa.”

Jumamosi moja, Chancelle akiwa ameshatoka hospitalini, tulirudi garini. Willy alisimama nje na telekomandi ya zamani, mimi na ile mpya. Safari hii Ornella alizungusha ufunguo mara moja tu. Klak. Alilishikisha gari zote mbili, moja baada ya nyingine, akatuamuru tujaribu kila mmoja. Zote zilifungua. Willy akapiga makofi. Ornella hakucheka.

Tukateremka nyumbani. Kwenye avenue tulimwona Chancelle mlangoni, Ornella akampungia mkono. Kisha akasimama mbele ya robine kavu, ile yenye jiwe lililoandikwa majina ya wakubwa. Mimi siwezi kuyasoma yote. Yeye aliyasoma, jina kwa jina, kwa sauti, kama mwalimu anayeita wanafunzi darasani. Hakuna aliyeitika.

“Papa,” akaniuliza, “mimi nilisema ‘ni mimi.’ Na hii robine, ni nani atakuja kusema ‘ni mimi’?”