Nusu Kichwa

Kila Jumamosi, kabla jua halijamaliza kupiga miayo, Kasuku alikuwa amekwisha kufagia saluni ya shangazi yake na kupanga vitana. Walimwita hivyo kwa sababu alijua mistari arobaini ya Biblia kwa moyo, na aliweza kuikariri hata akiwa na mkate mdomoni. Binamu yake, binti wa shangazi, aliitwa Sindano. Alikuwa mwembamba hivi kwamba, ati, mvua ikinyesha hupita katikati ya matone asilowe.

Kazi yao ilikuwa kutenganisha nywele za bandia, fungu kwa fungu, na kumpa shangazi asuke. Ila Sindano, huku akitoa nywele, humsimulia mteja habari za Yesu. Wengine walisikiliza, wengine walimcheka. Hakuna aliyeondoka, maana mtu aliyesukwa nusu kichwa atakimbilia wapi?

Kasuku moyo ulimchoma. Yeye, mwenye mistari yake yote, mbele ya wateja alikuwa bubu. Sindano alijua mitano tu, na wa tano huukosea. Hata hivyo, mwalimu wa shule ya Jumapili alimchagua Sindano atoe ushuhuda mbele ya kanisa zima. Tangu siku hiyo chai ya Kasuku, hata ikitiwa sukari vijiko vinne, ilikuwa shubiri.

Ijumaa jioni akamnong'oneza shangazi kwamba fundi wa kuchomelea vyuma, mteja wao mkubwa, amechoka kuhubiriwa na atahamia saluni nyingine. Ulikuwa uongo mtupu. Shangazi akaguna, akamwamuru bintiye abaki uani afue taulo.

Kesho yake fundi akaja, mwanamke ambaye, watu walisema, hukunja nondo kama tambi. Kasuku akatenganisha nywele peke yake, lakini masikio yalikuwa uani, ambako Sindano alikuwa akiimba. Shangazi aliposhtuka, misuko ya kushoto ilikuwa minene kama kamba za ng'ombe, ya kulia myembamba kama uzi. Ikabidi ifumuliwe. Simu ikalia, shangazi akatoka nje kuipokea.

"Yule mwembamba wenu yuko wapi?" fundi akauliza polepole. "Mama yangu anapasuliwa Jumatatu. Nimemcheka sana yule mtoto, lakini leo nataka aniombee."

Mteja wa kiti cha pili akaangua kicheko, akasema kumbe siku hizi hata nondo zinaokoka.

Nafasi ndiyo hiyo. Kasuku angeomba yeye, asifiwe yeye, na nani angejua? Akafungua kinywa. Mistari yote arobaini ikatawanyika kama vifaranga vilivyoona mwewe. Kooni kulibaki kitu kimoja tu, ule uongo wake.

Shangazi akarudi.

"Shangazi," Kasuku akasema, "fundi hakulalamika. Nilidanganya. Nilimwonea Sindano wivu."

Sindano akaitwa, akaingia na povu hadi viwikoni. Kasuku akamwomba radhi mbele ya wote, kisha akamuuliza kwa nini yeye haogopi.

"Naogopa kila siku," Sindano akajibu. "Ndiyo maana nashikilia nywele, mikono isionekane ikitetemeka."

Akamwombea mama wa fundi. Mteja wa pili akacheka tena, naye Sindano akaendelea. Alipokwama, mstari mmoja ukamrudia Kasuku, akausema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Fundi akafuta macho kwa taulo.

Shangazi akachukua kitana.

"Taulo za mwezi mzima ni zako," akamwambia Kasuku. "Na usikie, mwanangu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ujasiri nao ni hivyo hivyo. Ukimkata mwenzako wake, wako haurefuki. Unausuka mwenyewe, fungu kwa fungu, na leo umeanza, maana fungu la kwanza ni kusema kweli. Sasa leteni nywele, wote wawili. Safari hii ziwe sawasawa."