Kifuniko cha Sufuria la Wakfu

Kila siku niliamka kwa adhana ya alfajiri, nikaswali, nikamsaidia Mama kuchemsha chai, nikavaa sare na kwenda shule. Alasiri nilikwenda chuoni kusoma Kurani, nikarudi, nikala, nikalala. Watoto wengi wa mtaa wetu wa Langoni huishi hivyo. Tofauti yangu ilikuwa moja tu: mimi niliyafanya yote hayo bila kusikia kitu chochote moyoni.

Bibi yangu, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, alifariki wiki moja baada ya Idi. Siku ya matanga nyumba ilijaa wanawake wakilia. Mimi nilikuwa nikigawa vikombe vya kahawa na kuhesabu vilivyorudi. Jirani mmoja akamwambia Mama, "Nasreen ana subira, mashallah." Haikuwa subira. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Miezi mitatu ikapita na ganzi haikutoka.

Muhula wa pili ulipoanza, Mwalimu Murithi, mlezi wa chama chetu cha mazingira, alituletea habari. Tungekwenda kisiwa cha Pate kupiga kambi ya siku mbili pamoja na wanafunzi wa huko. Sisi tulikuwa kumi na wawili, na wao kumi na wawili. Wenyeji wangetupa uwanja, maji na samaki. Sisi tungepeleka mahema, na tungewapikia chakula cha jioni kwenye moto wa nje.

Darasa likalipuka kwa kelele. Amjad, mwenyekiti wetu, alisimama juu ya dawati bila kuombwa.

"Mwalimu, tuwapikie wali wa nazi wa kupalia!"

"Kupalia ndiyo nini?" Mwalimu aliuliza. Yeye ni mtu wa Meru, haogopi baridi wala nyoka, ila boti humtoa jasho. "Kwetu magugu ndiyo hupaliliwa."

Wote wakacheka. Nilimweleza kwamba kupalia ni kuweka makaa juu ya kifuniko pia, si chini ya sufuria peke yake, ili chakula kiive pande zote mbili kwa moto wa polepole.

"Na kifuniko hakiungui?"

"Inategemea kifuniko, Mwalimu," alisema Amjad. "Bibi yake Nasreen alikuwa na sufuria la chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa. Zito kama nanga! Kifuniko chake ni bapa na kina ukingo, makaa hayaanguki."

Wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo, lipo, lakini si letu tena. Kabla hajafa, Bibi aliliweka wakfu kwa ajili ya harusi na misiba ya mtaa. Sasa lilikuwa chini ya Bi Razan, mtunzaji wa vyombo vya wakfu, mwanamke mwembamba anayevaa ufunguo wa ghala shingoni na asiyependa maneno mengi.

Jioni ile nilikwenda kumwomba. Alishika ufunguo wake akauliza,

"Ni kazi ya watoto wa shule?"

"Ndiyo, Bi Razan. Tutawapikia wenzetu wa Pate."

"Kulisha watu ni kheri. Litwae. Lakini sikiza, mwanangu. Chombo hiki si changu wala si chenu tena. Ni cha Mwenyezi Mungu. Kiregee kama kilivyotoka."

Amjad na mimi tulilibeba hadi kwetu, kila mmoja ameshika sikio moja la sufuria, tukipumzika kila baada ya nyumba tatu.

Jumamosi nililifanyia majaribio uani. Nilipika kilo moja ya mchele kwa tui, moto wa vifuu vya nazi chini, na makaa mengine juu. Wali ulitoka vizuri, kila punje peke yake. Mama alionja akasema unafanana na wa mama yake. Nilijua alitaka nitabasamu, nikatabasamu.

Kilichotokea baadaye kilikuwa kosa langu peke yangu. Bibi alinifundisha zaidi ya mara moja kwamba chuma cha kusubu huachwa kipoe chenyewe, maana maji baridi hukipasua. Nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka kukaa, na sikujali. Niliteka kata ya maji ya kisima nikaimwaga juu ya kifuniko chenye makaa mekundu, ili nikioshe nimalize. Mvuke ulipanda, na ndani yake nikasikia mlio mfupi, *ta!*

Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umetoka ukingoni hadi karibu na mshikio.

Nilingoja nishtuke. Sikushtuka. Nilichukua masizi nikayachanganya na mafuta ya nazi, nikaujaza ufa ule na kuupangusa mpaka haukuonekana. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo ninaloliona baya zaidi sasa nikikumbuka.

Jumanne Mwalimu alileta karatasi ya mipango. Kila mmoja alipaswa kukagua kifaa alichopewa na kuandika hali yake, kisha atie sahihi. Amjad aliandika kuhusu mahema: moja lina tundu, litashonwa. Israa, mdogo wake Amjad, mwenye miaka kumi na mdogo kuliko sote, alipewa magunia mawili ya vifuu. Aliandika kwamba amehesabu vifuu vyote na vitatu vimeoza. Zamu yangu ilipofika niliandika: "Sufuria, zima. Kifuniko, kizima." Nikatia sahihi kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, siku tatu kabla ya safari, tulifanya mazoezi. Tulipeleka sufuria shuleni, na Mwalimu akachora moto kwa chaki kwenye sakafu ya darasa.

"Moto wa kweli hauna mzaha," alisema. "Nataka kila mtu ajue mahali pake. Amjad, wewe ni mkubwa, utafunua kifuniko kwa kulabu hii. Kitakuwa na makaa juu, kwa hiyo kiinue polepole. Nani atashika sinia la kupokea majivu?"

"Mimi!" Israa alipiga kelele. Alikaa chini karibu na sufuria, akakunja miguu na kuweka sinia mapajani. "Nikae hivi, Mwalimu?"

"Sogea nyuma kidogo. Hapo. Vizuri."

Amjad alitia kulabu kwenye mshikio. Nilitazama kifuniko kikiinuka, na chini yake magoti ya Israa. Siku ya kambi kifuniko kile kingekuwa na moto juu yake. Kikigawanyika, makaa yangemwagikia hapo hapo alipokaa. Nililijua hilo kama ninavyojua kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Sikuona huruma wala hofu. Nilikuwa nimengoja siku nne moyo wangu uniume ndipo niseme, na nikafahamu kwamba huenda usiniume kabisa.

"Kifuniko kina ufa," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayetaja saa. Amjad alikishusha.

"Umesema nini?"

"Kina ufa. Nilikimwagia maji kikiwa cha moto, kisha nikauziba ufa kwa masizi. Nilipoandika kizima nilidanganya."

"Wacha bwana, Nasreen!" Amjad alifoka. "Tumeshawaambia Pate! Wanatungoja!" Akainama kukitazama. "Mbona hauonekani? Hata kama upo, ni mdogo. Mwalimu, si tunaweza kwenda nacho hivi hivi?"

Mwalimu Murithi alichukua kulabu mkononi mwa Amjad. Alimshika Israa mkono akamwinua na kumpeleka mlangoni, sinia likabaki chini, akatuambia sote turudi nyuma. Alikiinua kifuniko kwa kulabu hadi usawa wa goti, kisha akakigonga mara moja kwa rungu la kupigilia vigingi vya hema. Hakugonga kwa nguvu.

Nusu ya kifuniko ilibaki kwenye kulabu. Nusu nyingine ilianguka juu ya sinia la Israa na kulipinda.

Israa alitazama sinia, akatazama magoti yake, kisha akanitazama mimi.

"Nasreen," Mwalimu alisema, "kuhusu uongo wa kwenye karatasi tutaongea mimi na wewe, na hutashika kifaa kingine mpaka nikuamini tena. Lakini umesema leo, wala hukungoja Jumamosi. Hilo nimelisikia pia. Sasa nani atamwambia mwenye sufuria?"

"Mimi," nilijibu.

Nilikwenda kwa Bi Razan na vile vipande viwili ndani ya kikapu. Alikuwa akichambua mchele barazani. Nilimwamkia, nikaviweka mbele yake, nikamweleza yote, pamoja na masizi. Alivigeuza vipande kwa muda mrefu.

"Sufuria hili lilipikia harusi yangu," alisema. "Na matanga ya bibi yako. Na wewe unaonaje moyoni?"

Ningeweza kumwambia kwamba nimehuzunika sana, na angependa kusikia hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka kusema uongo.

"Sioni kitu, Bi Razan. Tangu Bibi afe sioni kitu."

Nilidhani atanifukuza. Alipangusa mikono, akafunika ungo kwa kitambaa na kusimama.

"Mikono yako je, ni mizima?"

"Ni mizima."

"Basi mikono hiyo yatosha kwa sasa. Huna haja ya kulia ndipo ufanye kazi. Twende kwa Dawud."

Fundi Dawud alikuwa na karakana ya mageti na madirisha ya chuma, mitaa miwili kutoka kwetu. Alivitazama vile vipande akatikisa kichwa. "Chuma cha kusubu hiki. Nikikichomelea, kitapasuka tena kando. Bora nikate kipya." Alivuta bamba nene la chuma lililobaki kwenye kazi ya geti, akachora duara kwa chaki kwa kufuata vile vipande viwili alivyoviunganisha. "Kukata na kuchomelea ni kazi yangu. Kusawazisha kingo ni ya nani?"

"Ni yake huyu," Bi Razan alisema, akaenda zake.

Alhamisi na Ijumaa baada ya chuo nilikaa karakanani nikipiga tupa. Chuma kilichokatwa huwa na meno makali, na tupa huyala kidogo kidogo. Siku ya kwanza nilipata malengelenge mawili. Siku ya pili yakapasuka. Amjad alikuja na uso wa kununa, akasimama mlangoni kwa muda, kisha akachukua tupa nyingine na kuanza upande wa pili.

Tulipomaliza, Fundi alichomelea ukingo wa kuzuia makaa na mshikio wa nondo. Amjad akataka kipakwe rangi nyeusi kipendeze.

"Rangi kwenye chombo cha kupikia?" Fundi alimkemea. "Ikipata moto itawatilia sumu kwenye wali. Kipakeni mafuta ya nazi, kisha mkichome motoni kavu mpaka kiache kutoa moshi. Halafu mkiache kipoe chenyewe." Alinitazama aliposema maneno ya mwisho. Tulifanya hivyo, na mimi nilikaa nacho mpaka kikapoa kabisa.

Jumamosi tulisafiri. Pate walitupokea kwa madafu na kelele. Alasiri tulichimba shimo la moto nyuma ya uwanja wa shule yao, tukawasha vifuu vya Israa, tukapika mchele kilo tano. Mimi sikupewa kitu cha kushika, kama Mwalimu alivyosema. Nilisimama kando nikatazama Amjad akipalia makaa juu ya kifuniko kipya, na Israa akikaa mahali pale pale alipoonyeshwa, sinia lililonyooshwa kwa nyundo likiwa mapajani.

"Haya, funua!" alisema Mwalimu.

Kulabu ikashika mshikio. Kifuniko kikapanda, makaa mekundu juu yake. Na hapo, ghafla, nikasikia kitu moyoni. Niliogopa. Niliogopa sana, kwa ajili ya Israa, mpaka mikono ikanitetemeka. Kifuniko kilitulia kwenye kulabu. Majivu yakamiminika ndani ya sinia, harufu ya tui ikapanda, na watoto wa Pate wakapiga makofi. Mimi nilikaa chini mchangani, na nilifurahi kwamba naogopa.

Jumatatu Amjad na mimi tulilirudisha sufuria. Amjad alipokwenda zake, Bi Razan alikikagua kifuniko kila upande, akapitisha kidole kwenye ukingo wote nilioupiga tupa.

"Hakikuregea kama kilivyotoka," alisema. "Lakini kimeregea, na watu wamekula."

"Bi Razan," nilimwuliza, "nilipokiri sikuwa na majuto. Sikuwa na kitu. Je, ukweli wa namna hiyo una maana?"

Alikaa juu ya kizingiti cha ghala, akanivuta nikae karibu naye.

"Nisikize vizuri, Nasreen. Watu wengi hungoja mpaka moyo uwaume ndipo waseme kweli, na moyo mwingine hukawia. Ukweli ni haki ya yule utakayemdhuru ukinyamaza. Haungojei moyo wako. Na ulipouficha ufa ule, hukudanganya karatasi ya mwalimu peke yake. Ulicheza na miguu ya mtoto. Usirudie tena."

"Sitarudia."

"Na kilio cha bibi yako kitakuya siku kitakapotaka chenyewe. Usikilazimishe, wala usikikimbie. Hadi siku hiyo, sema kweli hata kama husikii kitu." Aliigeuza mikono yangu akatazama malengelenge yaliyoanza kukauka. "Israa ana miguu yake miwili mizima. Hatakuuliza kamwe moyo wako ulikuwaje siku ile uliposema."