Tiketi ya Kwenda na Kurudi

Mboni alikuwa mchovu, na uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulianza mwaka ule wa kuhamia vijijini. Zamani akifungua mlango asubuhi, mikorosho yake ilikuwa pale pale mbele ya macho. Sasa nyumba zimepangwa mistari miwili kando ya barabara ya kwenda Lindi, na mikorosho imebaki kule kule porini. Kwenda ni mwendo wa saa mbili. Kurudi ni saa mbili na nusu, maana mtu harudi mikono mitupu.

Alikwenda peke yake. Mumewe, Nassibu, alikuwa na pumu, na vumbi la njiani lilimkaba. Basi Mboni akalima, akapalilia, akabeba kuni, akateka maji bomba lilipogoma, na siku tatu kwa juma akaenda darasa la watu wazima kujifunza kusoma. Huko alisinzia mara nyingi. Lakini herufi ziliingia hivyo hivyo, pamoja na usingizi.

Ndiyo maana barua ya binti yake ilipofika, aliisoma mwenyewe. Kadija alikuwa ameolewa na Fakihi, fundi cherehani wa Kilwa. Reli mpya ya kwenda Zambia ilipoanza kazi, Fakihi aliifuata na cherehani yake mpaka mwisho wake, Kapiri Mposhi, akafungua kibanda cha kushonea. Mboni aliweka kidole chini ya kila neno.

"Mama, nina mimba ya miezi sita. Wakunga wa hapa ni watu wema, lakini lugha yao sijaizoea. Ukiweza safari hii, njoo. Usipoweza, si neno."

Barua ilikuwa imekaa njiani karibu mwezi mzima. Kwa hiyo imebaki miezi miwili, Mboni alihesabu. Kisha akarudi kwenye yale maneno ya mwisho. *Usipoweza, si neno.* Alikaa nayo kwenye mkeka mpaka moto ukazimika jikoni.

"Utakwenda?" Nassibu aliuliza.

"Nitakwenda."

"Vizuri. Bahati nzuri treni wewe unaijua."

Nassibu alisema kwa wema kabisa, na maneno yake yakamchoma mkewe kama mwiba wa samaki.

Ni kweli kijiji kizima kilisema Mboni anaijua treni. Alipokuwa msichana, gari moshi lilikuwa likipita nyanda zile, kutoka Mkwaya karibu na Lindi hadi Nachingwea. Baba yake alikuwa akipeleka kuku Nachingwea, na Mboni alikuwa akimfuata. Hawakukata tiketi dirishani hata siku moja. Walipanda, wakaketi, kisha gadi wa treni akaja na mkoba wake, na baba akamlipa humo humo ndani. Siku moja gadi alichukua jogoo badala ya nauli, na safari ikaenda vizuri. Baada ya Uhuru reli ile iling'olewa, na vijana wengi wa kijijini hawakuiona. Mboni akawa bingwa wa treni kwa kuwa hakukuwa na mwingine.

Na ubingwa huo ndio uliomponza. Mwaka juzi, Kadija alipokuwa na mimba ya kwanza, Mboni alikwenda Dar es Salaam na kikapu chake, akafika stesheni asubuhi ile ile ya safari. Hakuuliza mtu. Aliingia kwenye msururu wa wasafiri, akafika getini. Mkaguzi akamwomba tiketi. Mboni akamwambia asiwe na wasiwasi, atamlipa gadi humo ndani. Watu wa nyuma walicheka. Mkaguzi hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba viti vya siku ile vimekwisha siku nyingi, na akamwuliza hati yake ya kusafiria iko wapi. Mboni hakujua hati ya kusafiria ni kitu gani. Alilala kwa mpwa wake Abdurahmani siku tisa, akienda stesheni na kurudi, miguu ikavimba, na nauli ikaliwa kidogo kidogo. Mwishowe akapanda basi la Lindi. Huko Kapiri Mposhi mtoto alizaliwa hana uhai, na Kadija hakuwa na mtu wake hata mmoja wa kike chumbani.

Kijijini Mboni alisema alishikwa na homa Dar es Salaam. Nassibu mwenyewe aliambiwa hivyo hivyo. Wahenga wamesema majuto ni mjukuu. Hakuna msemo Mboni aliouchukia kama huo, na ulikuwa ukimjia kila aliponyanyua jembe.

Sasa, mstari ule ule wa nyumba, mlango wa pili, alikaa Klementi. Kama si kuhamishwa, Mboni na Klementi wasingekuwa majirani hata siku moja. Klementi alitoka Newala, Mmakonde, Mkristo, na alikuja na nguruwe wawili. Mboni ni mtu wa sala tano. Mwaka wa kwanza walisalimiana kwa shida. Kisha Klementi, bila kuambiwa, akahamishia banda la nguruwe upande wa pili wa nyumba yake, na salamu zikawa nyepesi. Alikuwa muuzaji katika duka la kijiji. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka minne kwenye ujenzi wa reli ya Zambia, mpaka mguu wake ulipoumia.

Miaka miwili Mboni alimwona akipita na mguu wake wa kuburuta, na hakumwuliza lolote. Bingwa atamwulizaje jirani? Jioni ile alimwita.

"Shikamoo, Mama Kadija."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Salama. Mguu tu ndio hautaki."

Mboni alimsogezea kigoda. Akapepeta mtama kidogo, akaacha. "Klementi, mtu akitaka kupanda reli ile yenu ya Zambia, anafanyaje?"

Klementi alishangaa. "Si tunaambiwa wewe ndiye unayeijua treni, mama?"

Hakumdhihaki, aliuliza tu. Ungo ukabaki mkononi mwa Mboni. Alijisikia kuchoka kuliko siku zote, kuchoka kubeba uongo ule juu ya kuni na maji na korosho. Akasema, "Mwaka juzi sikuugua homa. Nilirudishwa getini. Nilidhani nauli inalipwa humo ndani."

Akamweleza yote, mpaka mtoto. Nassibu alikuwa ndani, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Klementi hakucheka wala hakutikisa kichwa.

"Treni ya Nachingwea ilikuwa kama jirani, mama," alisema. "Ukipita unabisha hodi, unaingia. Hii inavuka mpaka. Mgeni wa ng'ambo anajitayarisha nyumbani kwake, si mlangoni kwa watu."

Kisha akamfundisha, na Mboni akamkatiza kila alipopotea. Kwanza hati. Achukue barua kwa mwenyekiti wa kijiji, aende Lindi ofisi ya uhamiaji, apige picha, aombe hati ya kusafiria. Pili chanjo. Achanjwe hospitali, apewe kadi ya njano, na kadi hiyo asiiache nyumbani, maana mpakani wanaitazama. Tatu tiketi. Hii inakatwa dirishani, stesheni, mapema, na ina siku yake. Treni ya Jumanne haiipokei tiketi ya Ijumaa. Kama yeye yuko mbali, ndugu aliyeko Dar es Salaam aende amkatie kwa jina lililo kwenye hati.

"Na akate ya kwenda na kurudi," Klementi alisema. "Zote mbili, hapa hapa nchini kwetu."

"Ya kurudi nayo? Si nitakata huko huko nikitaka kurudi?"

"Kwa fedha gani, mama? Shilingi yetu inaishia mpakani. Ng'ambo wanatumia kwacha. Na sheria hairuhusu kuvuka na shilingi nyingi. Mkweo ni fundi cherehani ana mtoto mchanga, halafu mama mkwe anamwomba nauli. Utajisikiaje?"

Mboni alijua angejisikiaje.

"Kata ya kurudi ukiwa kwenu," Klementi alirudia. "Siku utakayotaka kuondoka utaiandikisha stesheni ya huko, siku kadhaa kabla. Lakini nauli umekwisha lipa. Utakaa kwa mwanao ukiwa mtu huru."

Klementi alipoondoka, Nassibu alitoka nje, akaketi kwenye kigoda kile kile. Alivuta pumzi yake ya shida. "Ungeniambia," alisema. Mboni akasema aliona aibu. Nassibu akamjibu kwamba aibu ya watu wawili ni nyepesi kuliko ya mmoja. Hawakulizungumza tena.

Ikaanza kazi ya miguu. Mboni alikwenda Lindi mara tatu. Mara ya kwanza picha ilitoka nyeusi tupu. Mara ya pili karani alikuwa kwenye mkutano. Mara ya tatu alipata hati, akachanjwa, na mkono ukauma juma zima, naye analima nao. Mara nyingine alikaa kwenye benchi la ofisi akafikiri, ya nini yote haya, nimezeeka. Kisha alikumbuka *si neno*, akabaki kwenye benchi.

Abdurahmani, aliyeandikiwa na Klementi kwa niaba ya Mboni, alijibu kama kijana wa mjini alivyo. "Shangazi, usijali, wewe njoo tu, tutaangalia hapa hapa." Mboni aliisoma barua hiyo, damu ikamchemka. Mwaka juzi pia walikuwa wameangalia hapa hapa. Alichukua daftari lake la darasani, akaandika barua ya kwanza maishani mwake kwa mkono wake. Ilimchukua siku mbili.

"Abdurahmani. Nenda stesheni. Kata tiketi ya kwenda na kurudi. Jina ni Mboni Likwata, kama lilivyo kwenye hati. Niandikie siku na namba ya kiti. Usiponiandikia siji, na mama yako nitamwambia."

Nauli ilifuata kwa hawala ya posta. Baada ya majuma mawili jibu likaja, fupi na lenye adabu. Tiketi ilikuwa imekatwa, behewa na kiti vimeandikwa, siku ni Ijumaa. Mboni aliweka kidole kwenye namba ya kiti chake, akakirudisha mwanzo, akaisoma tena. Siku ile ile akampelekea Kadija simu ya maandishi yenye siku atakayofika, maana barua ingechelewa, ili Fakihi aje kumpokea. Safari ya kwanza asingeweza kuandika hivyo, kwa sababu siku yenyewe hakuijua.

Aliondoka siku nne kabla, maana mabasi ya Lindi watu wanayajua, na pantoni ya kuvukia mto Rufiji nayo ina siku zake. Basi liliharibika Somanga wakalala hapo. Alifika Dar es Salaam vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akiwa na siku mbili mkononi. Alipokea tiketi yake kwa Abdurahmani, akalala siku nzima.

Ijumaa alifika tena kwenye lile geti. Mbele yake mzee mmoja alikuwa akimsihi mkaguzi kwamba atalipa humo ndani. Watu wa nyuma walicheka. Mboni hakucheka. Alitamani kumsaidia lakini hakuwa na la kumsaidia siku ile, ila kumwonyesha dirisha la tiketi na kumwambia aulize ya safari ijayo. Kisha mkaguzi akaitazama tiketi yake, akaitazama hati, akamwambia, "Pita, mama."

Safari ilikuwa ndefu. Mihogo mikavu na samaki wa kukaanga aliofunga vilimtosha, kwa kipimo. Mpakani maofisa wa nchi mbili walipita, na Mboni akatoa karatasi moja moja kama alivyofundishwa: hati, kadi ya njano, tiketi. Hakuna aliyemwambia ashuke.

Fakihi alikuwa amesimama kwenye jukwaa la Kapiri Mposhi na koti mkononi, la kumfunika mkwewe, maana kule baridi inauma. Siku kumi na moja baadaye Kadija alishikwa na uchungu. Ulikuwa uchungu wa siku nzima na zaidi. Mkunga alisema maneno ambayo Mboni hakuyaelewa, na Mboni akasema ya kwao, na katikati yao Kadija alimshika mama yake kiuno mpaka kanga ikachanika. Mtoto alitoka akilia. Wa kike.

Siku ya tatu walikuwa wawili chumbani, mtoto amelala. Nje cherehani ya Fakihi ilikuwa inakimbia. Kadija alizungumza akitazama ukuta.

"Mama, mwaka juzi walisema ulikuwa na homa. Sikuamini. Nilidhani hukutaka kuja, kwa sababu nilikwenda mbali bila kukusikiliza."

Mboni angeweza kuuacha uongo ule ulale. Homa ni kitu cha kawaida, na mtu hasutwi kwa homa.

"Nilitaka, mwanangu," alisema. "Nilifika mpaka getini. Sikuwa na tiketi."

"Tiketi tu?"

"Tiketi tu. Wala sikuuliza mtu. Nilikuwa nikijiona naijua treni."

Kadija aligeuka polepole kwenye kitanda, kwa maumivu ya mzazi. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, miguu yake iliyovimba, mikono yake ya jembe, macho yasiyolala tangu juzi. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha alimwinua mtoto kwa mikono miwili, akamweka mapajani mwa Mboni.

"Mshike," alisema. "Na mimi nimechoka. Unaondoka lini?"

"Tiketi yangu ya kurudi ninayo," Mboni alisema. "Nitaondoka utakapokuwa na nguvu."

Kadija akafumba macho.